Mstari Uliopanda kwa Miaka Mia Mbili

 

Wajukuu zangu, leo simleti sungura wala fisi. Mhusika wangu ni mstari, wa aina ile mnayoichora kwenye grafu shuleni, unaoanzia kona ya chini na kupanda kuelekea kulia. Mstari huu unahesabu kitu kimoja tu, nacho ni hewa ukaa ambayo watu wote duniani huitoa kila mwaka wanapochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi ili kupata nishati. Nimeuchagua kwa sababu mtaishi nao maisha yenu yote. Tena watu wazima tumezoea kuwatajia mabadiliko ya tabianchi bila kuwasimulia yalianzia wapi, nani aliyachochea, na sasa tumefika wapi. Hilo naliona ni deni, na leo nataka kulipunguza.

Hadithi inaanzia Uingereza. Miaka mia tatu iliyopita wachimbaji wa makaa ya mawe huko walikuwa na adui asiyelala, maji. Kadiri walivyochimba kwenda chini ndivyo mashimo yalivyofurika. Farasi walizungushwa mchana na usiku kuvuta ndoo, na bado maji yaliwashinda. Mwaka 1712 fundi aitwaye Thomas Newcomen akajenga mashine iliyochoma makaa hayohayo, ikachemsha maji, na nguvu ya mvuke ikaendesha pampu. Tazameni mzunguko uliozaliwa hapo. Makaa yanachomwa ili maji yatoke shimoni, maji yakitoka yanachimbwa makaa mengi zaidi, na hayo nayo yanatafuta mahali pa kuchomwa.

Mashine ya Newcomen ilikuwa na ulafi mkubwa. Mwaka 1769 James Watt akapata hataza ya mashine bora, iliyofanya kazi ileile kwa makaa machache zaidi. Ungedhani kwamba tangu siku hiyo makaa yalitumika kidogo. Wapi! Kwa kuwa nguvu ya mvuke sasa ilikuwa rahisi, kila mwenye kiwanda aliitaka. Vinu vya pamba vikaihitaji, wafua chuma wakaihitaji, baadaye treni zikaihitaji, kisha meli. Kumbukeni jambo hili, maana limejirudia mara nyingi. Mashine inayotumia nishati kidogo ni kitu kizuri, lakini mashine hizo zikiongezeka mara mia, matumizi ya jumla yanapanda.

Mwaka 1800 dunia nzima ilitoa takribani tani milioni 30 za hewa ukaa kutokana na nishati ya aina hii, na karibu zote zilitoka kwenye kisiwa hicho kimoja.

Kabla hatujapanda na mstari wetu, twendeni kwenye kituo cha mafuta. Kijana wa bodaboda anajaza lita moja ya petroli. Lita hiyo ukiipima kwenye mizani ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Anawasha, anabeba abiria, anazunguka mjini mpaka tangi linakauka. Petroli imekwisha, lakini imeacha nyuma takribani kilo 2.3 za hewa ukaa. Mwanafunzi makini atanyoosha mkono hapo: itakuwaje kitu cha robo tatu ya kilo kitoe kitu cha kilo mbili na zaidi?

Jibu liko hewani. Petroli imejaa kaboni. Inapoungua, kila chembe ya kaboni inashikana na chembe mbili za oksijeni kutoka kwenye hewa tunayovuta. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni 16, nazo oksijeni ziko mbili, kwa hiyo 32. Jumlisheni mpate 44. Maana yake, kilo 12 za kaboni hukutana na kilo 32 za oksijeni na kutoa kilo 44 za hewa ukaa. Uzito mwingi wa hewa ukaa umetoka hewani, na kaboni ndiyo iliyoukamata. Huwezi kuiona wala kuinusa. Ule moshi mweusi unaotoka kwenye lori bovu ni masizi, kitu kingine kabisa, ambacho nacho kina madhara yake kwa mapafu.

Na kaboni ya petroli ilitoka wapi? Ilikuwa miili ya viumbe vidogo vya baharini vilivyoishi mamilioni ya miaka iliyopita, vikafukiwa na matope, vikapikwa na joto la ardhini. Makaa ya mawe nayo yalikuwa misitu ya kale. Hapa lazima niwatetee mama zetu. Mara nyingi anayelaumiwa kwanza katika habari za tabianchi ni mama anayepikia mkaa au kuni. Kaboni ya mti uliokatwa jana ilikuwa hewani miaka michache tu iliyopita, na mti mwingine ukipandwa na kukua, utaichukua tena. Msitu ukifyekwa ukaachwa jangwa, hiyo ni hasara kubwa kweli, nao wanasayansi huihesabu kwenye hesabu yake ya pekee. Moshi wa jikoni unaua watu, na kina mama wanastahili majiko bora leo hii. Lakini mstari wa hadithi yetu unahesabu kaboni iliyokuwa imefungiwa chini ya ardhi tangu kabla binadamu hajakuwepo, na huo haukuchorwa na jiko la mkaa.

Sasa tupande. Mwaka 1850 mstari ulikuwa umefika tani milioni 200 hivi. Mwaka 1900, karibu bilioni 2, na Marekani ilikuwa imeshampita mwalimu wake Uingereza. Mwaka 1950, bilioni 6. Mpaka hapo ni kama kilima cha kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilima kikawa ukuta. Magari yalijaa barabarani Marekani na Ulaya, ndege za abiria zikatapakaa, mbolea za viwandani, plastiki, mabarabara ya lami, majokofu, viyoyozi. Mwaka 2000 mstari ulikuwa kwenye tani bilioni 25. Kisha China ikafungua maelfu ya viwanda kwa nguvu ya makaa ya mawe, na karibu mwaka 2006 ikaipita Marekani. Leo tumezidi bilioni 37 kwa mwaka.

Kuna jambo moja hapa ambalo nataka mlishike kuliko mengine. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote iliyotokana na nishati hii, tangu enzi za Newcomen na Watt mpaka leo, imetolewa baada ya mwaka 1990. Wazazi wenu wengi walikuwa wameshazaliwa. Watu husema haya ni mambo ya mababu. Hapana. Nusu kubwa ni ya kizazi ambacho bado kiko kazini, kinaendesha nchi na makampuni, na kilikuwa kimeshaambiwa ukweli.

Je, mstari haujawahi kushuka? Umewahi, na kila mteremko una kisa chake cha huzuni. Ulishuka mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Ulishuka vita ilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani na Japani zikiwa magofu. Ulishuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupaa. Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika mwaka 1991, viwanda vyake vilizimwa na mstari ukalegea tena. Ulishuka mwaka 2009 baada ya mabenki kuyumba. Mwaka 2020, corona ilipowafungia watu majumbani na ndege zikabaki chini, ulishuka kwa asilimia 5 hivi, na mwaka uliofuata ukarudi karibu pale ulipokuwa. Dunia kwa ujumla wake haijawahi kuushusha mstari huu kwa kuamua. Umeshushwa na misukosuko ya uchumi, vita na maradhi, na watu walipopata nafuu ulipanda tena.

Niliwaambia kizazi hiki kilikuwa kimeambiwa ukweli. Hata mababu zake waliambiwa. Mwaka 1856 mama mmoja wa Kimarekani, Eunice Foote, alichukua mitungi miwili ya kioo akaweka vipimajoto ndani ya kila mmoja. Mmoja aliujaza hewa ya kawaida, mwingine hewa ukaa, akaianika juani. Mtungi wa hewa ukaa ulipata joto kali zaidi, na alipouondoa juani ulichelewa sana kupoa. Akaandika kwamba dunia iliyozungukwa na hewa hiyo kwa wingi ingekuwa na joto kubwa zaidi. Mwaka huohuo taarifa yake ilisomwa kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Albany, na aliyeisoma alikuwa mwanamume, Profesa Joseph Henry. Kisha Foote akasahaulika kwa zaidi ya miaka 100. Inaniuma kila ninapoisimulia habari hiyo. Kazi aliyoifanya inaweza kurudiwa na darasa lolote lenye chupa mbili, vipimajoto viwili na jua letu.

Mwaka 1896 Msweden aitwaye Svante Arrhenius alikaa na kalamu na karatasi akakokotoa joto litakaloongezeka hewa ukaa ikizidi mara mbili. Kwa kasi ya uchomaji wa siku zake, alidhani jambo hilo lingechukua karne nyingi. Hakuweza kuuona ukuta wa miaka ya 1950 uliokuwa unakuja.

Aliyeuona kwa macho ni mwanasayansi Charles David Keeling. Mwezi Machi 1958 vipimo vyake vilianza kusoma hewa kwenye mlima wa volkano wa Mauna Loa, visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, mbali na moshi wa miji. Kipimo cha mwanzo kilionyesha sehemu 313 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Baada ya muda akagundua kwamba namba zinapanda na kushuka kila mwaka. Majani yanapochipua kaskazini mwa dunia, ambako ndiko kuliko na nchi kavu nyingi, mimea huivuta hewa ukaa na namba inashuka. Majani yanapopukutika na kuoza, inapanda. Keeling alikuwa ameigundua pumzi ya dunia! Ila kila mwaka pumzi hiyo ilianzia juu kidogo kuliko mwaka uliopita. Mwaka 2013 ilivuka 400. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Keeling alifariki mwaka 2005, na mwanawe Ralph akaiendeleza kazi ya baba.

Mtauliza, kabla ya viwanda ilikuwa ngapi? Kama 280. Tunajua kwa sababu barafu ya Antaktika imehifadhi viputo vya hewa ya kale. Wanasayansi wametoboa barafu hiyo kwenda chini kilomita 3 na zaidi, wakapima viputo vya hadi miaka 800,000 iliyopita. Katika muda wote huo namba haikuwahi kuzidi sana 300.

Hapa wengi hupotea, hata watu wazima, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mstari wa Newcomen na mstari wa Keeling ni mistari miwili. Fikirieni pipa la maji uani lenye tundu dogo chini. Mstari wa kwanza ni bomba linalolijaza. Wa pili ni kina cha maji pipani. Ukilipunguza bomba kidogo, pipa bado linajaa, polepole zaidi tu. Bahari, misitu na udongo ndiyo lile tundu, na hufyonza karibu nusu ya tunayotoa kila mwaka. Nusu nyingine inabaki juu, na sehemu yake kubwa itabaki huko kwa karne nyingi. Ndiyo maana hata mwaka 2020, dunia ilipokuwa kimya, namba ya Mauna Loa iliendelea kupanda. Anayewaambia kwamba nchi yake imepunguza kidogo na kwa hiyo tatizo linaisha, ama halijui pipa hili au anawaficha.

Na kwa kuwa hewa ukaa inakaa muda mrefu hivyo, swali la nani aliyeijaza ni swali la haki. Tukijumlisha tangu mwanzo, Marekani peke yake imetoa karibu robo ya yote. China, pamoja na ukubwa wake wa leo, ina kama asilimia 15. Bara zima la Afrika, lenye karibu mtu mmoja katika kila watu watano duniani, lina kama asilimia 3, na sehemu kubwa ya hizo ni ya Afrika Kusini na nchi za kaskazini.

Tushuke mpaka kwa mtu mmojammoja. Mmarekani wa kawaida hutoa tani 14 hivi kwa mwaka. Mchina kama 8. Mtu wa Qatar, nchi wanakokwenda kufanya kazi vijana wengi wa Afrika Mashariki, huzidi 30. Mkenya hafiki nusu tani. Mtanzania ni kama robo tani, na kwa Mkongo wa Kinshasa au Lubumbashi hata kilo 100 kwa wastani hazifiki. Chukueni robo tani ya Mtanzania ya mwaka mzima, pamoja na daladala, saruji na umeme wake wa gesi. Mmarekani huimaliza kwa wiki moja.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwapendelea. Anga halisomi historia. China sasa hutoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa ya kila mwaka, na bila yake kubadilika hakuna hesabu itakayokubali. Ni kweli pia kwamba simu, mabati na viatu vingi vinavyotumika hapa, Ulaya na Marekani vilitengenezwa kwa moshi uliohesabiwa China. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na ninyi mna akili ya kutosha kuyabeba yote.

Habari njema zipo, na sizitoi ili kuwabembeleza. Mwaka 1882, katika barabara ya Holborn Viaduct mjini London, kilifunguliwa kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe na kuuza kwa umma. Tarehe 30 Septemba 2024, nchi hiyohiyo ilizima kituo chake cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar. Miaka 142. Uingereza, ambako mstari ulizaliwa, sasa hutoa chini ya nusu ya ilichokuwa ikitoa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sehemu ya upungufu huo ni viwanda vilivyohamia nchi nyingine, ndiyo. Ila sehemu kubwa ni ya kweli, imetokana na upepo wa baharini, gesi kuchukua nafasi ya makaa, na sheria.

Bei ya paneli za sola ilishuka kwa takribani asilimia 90 katika miaka 10 iliyoanzia 2010. China iliyojenga mitambo mingi ya makaa ndiyo pia inayofunga sola nyingi kuliko nchi yoyote. Na hapa kwetu? Nendeni Olkaria, karibu na Naivasha. Huko wametoboa ardhi kwa kina cha kilomita 2 na zaidi, mpaka kwenye miamba yenye moto wa Bonde la Ufa. Mvuke unapanda kwa mngurumo, unapita kwenye mabomba makubwa yanayopinda vilimani, unazungusha mitambo. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, na leo jotoardhi huipa Kenya kama asilimia 40 ya umeme wake. Ni mvuke uleule wa Newcomen, safari hii hakuna kilichochomwa. Kwenye mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235 kila moja. Mabwawa yana gharama zake kwa mto na kwa waishio chini yake, na hayo yasifichwe. Hata hivyo umeme wake hautoki kwenye makaa.

Kwa hiyo mstari unafanya nini sasa? Unaelekea kulala. Miaka ya 2000 ulikuwa ukipanda kwa karibu asilimia 3 kila mwaka, na katika miaka 10 ya hivi karibuni kwa chini ya asilimia 1. Bado haujainama, na pipa bado linajaa. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa, na wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5 juu ya joto la kabla ya viwanda, zile nyuzi zilizotajwa kwenye Mkataba wa Paris wa tabianchi wa mwaka 2015.

Kusini mwa Sahara watu wapatao milioni 600 hawana umeme majumbani. Mtu yeyote asiwaambie kwamba waendelee kukaa gizani ili kulipa uchomaji wa wengine. Wanastahili umeme, na kwa mara ya kwanza katika historia upo umeme wa bei nafuu ambao haumlazimu mtu kuifuata njia aliyoipita Uingereza.

Nchi nyingi zimeahidi kuufikisha mstari wao kwenye sifuri halisi, yaani kutotoa hewa ukaa zaidi ya ile wanayoiondoa hewani. Uingereza imeweka kwenye sheria mwaka 2050, China imesema kabla ya 2060, India 2070. Aliyezaliwa mwaka 2014 atakuwa na miaka 36 mwaka 2050, na waliotoa ahadi hizo wengi wao hawatakuwepo kuulizwa. Basi ulizeni mapema. Kila mwaka, mara nyingi mwezi Novemba, wanasayansi wa Global Carbon Project hutangaza makadirio ya hewa ukaa ya mwaka huo. Itafuteni namba hiyo, iandikeni kwenye daftari mwaka hadi mwaka, na siku mtakapoanza kupiga kura nendeni na daftari hilo kwenye mikutano ya wagombea. Anzeni na ya mwaka 2024: ilizidi tani bilioni 37.